Kayee ya Mtoto Anayeanza Shule

Siku ya kuandikisha watoto, mwalimu anamwita mtoto mbele ya meza na kumwambia: "Pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili." Vidole vikifika sikioni, jina linaandikwa. Visipofika, mama anaambiwa arudi mwakani. Wengi wetu tuliosomea Kanyabayonga, Kirumba, Butembo au Beni, huku Kivu Kaskazini, tuliingia darasani kwa kipimo hicho, na kwingi Afrika ya Mashariki ilikuwa vivyo hivyo. Hakikuwa ujinga. Mtoto wa miaka minne ana kichwa kikubwa na mikono mifupi, kiganja chake kinaishia utosini. Akikaribia miaka sita au saba mkono umeshavuka. Pasipokuwa na cheti cha kuzaliwa, wazee waliuuliza mwili wenyewe.

Lakini sikio halisemi kama mtoto anaona ubao. Halisemi kama analala njaa, au kama miguu yake imevimba. Nikiandikisha watoto, niliwahi kumrudisha nyumbani mvulana ambaye mkono wake ulikoma juu ya kichwa. Alikuwa na miaka saba, kaka mtu. Alikuwa mfupi kwa sababu alidumaa, nami nikamwongezea adhabu ya mwaka mzima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia wazazi waje na kayee, yaani daftari.

Kwa nini kayee? Kwa sababu mtoto wetu ana pengo katikati ya vitabu viwili. Akizaliwa anaingia katika kitabu cha muuguzi. Mama anamfunga mgongoni, anaenda kumpimisha CPS (kliniki ya watoto wadogo), mtoto anatundikwa kwenye mizani, nukta inawekwa kwenye kadi. CPS inaishia miezi 59. Shule ya msingi, kwa sheria ya elimu ya Februari 2014, inaanza miaka sita. Hapo katikati pana mwaka mzima, na kwa watoto wengi pengo ni refu zaidi, maana mama wengi huacha kwenda mara tu sindano ya surua ya miezi tisa inapochomwa. Halafu shule nayo inaandika waliokuja na wasiokuja, haiandiki kilo wala sentimita. Muuguzi amemwacha, mwalimu hajampokea. Mwongozo huu ni wa kuziba pengo hilo ukiwa nyumbani, kwa vitu vilivyopo Kanyabayonga: kamba ya fundi, ukuta wa mbao, bidoni ya maji na kalamu.

Nunua kayee ya kawaida. Ukurasa wa kwanza andika jina la mtoto na siku aliyozaliwa. Pima mara tatu kwa mwaka: mwisho wa Agosti kabla ya shule kufunguliwa, Januari watoto wanaporudi baada ya Noeli, na baada ya Pasaka. Kipimo kimoja ni habari ndogo. Vipimo vitatu vya mtoto yule yule, vilivyochukuliwa kwa namna ile ile, vinaanza kukuonyesha mtoto anaelekea wapi.

Umri kwanza

Namba zote zitakazofuata hazina maana kama hujui miaka. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa, na wengi hatukufanya hivyo: tulikuwa njiani, tulikuwa shambani, ofisi ilikuwa imefungwa. Ukikosa tarehe, usikisie. Tafuta jambo ambalo kijiji kizima kinalikumbuka, kisha uliza: alikuwa tumboni, alikuwa amezaliwa, alikuwa anatambaa? Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Hali ya dharura ya kijeshi ilianza Mei 2021, na mwezi huo huo, tarehe 22, Nyiragongo ikalipuka. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo atatimiza miaka sita Mei 2027. Uchaguzi wa rais ulikuwa Desemba 2023. Waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, na hakuna mama wa huku asiyekumbuka alikuwa na mtoto wa namna gani mgongoni siku aliyokimbia. Andika mwezi unaoukaribia zaidi, na pembeni andika jambo lililokusaidia kuupata, ili mwingine aweze kuhakiki.

Urefu, uzito, mkono

Urefu ndio unaopimwa vibaya kuliko vyote, ingawa unaonekana rahisi. Usitumie kamba ya nguo ya fundi cherehani iliyokwisha kuvutika. Azima mita ya chuma ya seremala, au angalau linganisha kamba na mita hiyo kwanza. Mvue mtoto viatu na kofia, fungua nywele zilizosukwa juu. Asimame na mgongo ukutani: visigino, matako na mabega vyote viguse. Macho yatazame mbele, si juu. Weka kitabu kigumu kichwani, ukingo mmoja ukiwa umelala ukutani, bonyeza kidogo nywele zilale, piga alama kwa kalamu. Mtoto atoke, upime toka sakafuni hadi alama. Rudia. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu. Fanya hivyo asubuhi kila mara, kwa sababu mtu hufupika kadiri siku inavyokwenda, na ukimpima Agosti asubuhi halafu Januari jioni utadhani hakukua.

Sasa soma namba. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka mitano kamili huwa katikati na sentimita 110 akiwa mvulana, 109 akiwa msichana. Akifika sita, ni 116 na 115. Mvulana wa miaka sita aliye chini ya sentimita 106, au msichana aliye chini ya 105, amedumaa. Usishtuke kama umempata wa namna hiyo ndani ya nyumba yako: katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 na 2018, watoto zaidi ya wanne katika kila kumi wenye umri chini ya miaka mitano nchini Kongo walikuwa wamedumaa. Urefu uliopotea miaka miwili ya kwanza haurudi wote. Kinachoweza kuangaliwa sasa ni mwendo: kati ya miaka mitano na sita mtoto huongeza sentimita tano hadi sita kwa mwaka. Akiongeza mbili tu, kuna kitu kinamla: minyoo, malaria inayojirudia, kifua, au chakula kidogo. Na tafadhali, mwalimu unayesoma, mtoto mfupi usimkalishe na wadogo zake. Akili yake ina umri wake.

Uzito. Mizani ya kituo cha afya ni bora. Kama ni mbali, muuza nyama au mnunuzi wa kahawa anayo, lakini kabla ya kuiamini ipime yenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pima bidoni ya lita tano ikiwa tupu, ijaze hadi alama, pima tena. Tofauti isipokuwa kilo tano, mizani hiyo inamwibia mteja na itamwibia mtoto wako pia. (Niliwahi kufanya jaribio hilo mbele ya mwenye mizani. Sipendekezi ufanye hivyo siku ya soko.) Mtoto wa miaka sita mwenye afya anakaribia kilo 20, uzito wa maji ya bidoni ile kubwa ya manjano. Akiwa chini ya kilo 16 mvulana, au chini ya kilo 15 msichana, mpeleke aangaliwe. Kwa mwaka anapaswa kuongeza kama kilo mbili. Akipungua kati ya vipimo viwili, hata nusu kilo, usisubiri cha tatu.

Kipimo cha mkono ndicho kipenzi changu, kwa sababu hakihitaji mizani wala tarehe kamili. Kina historia ya watu waliokuwa na hali kama yetu. Vita vya Biafra, mwishoni mwa miaka ya 1960, viliwapa Waquaker waliokuwa wakihudumia watoto tatizo la watoto wengi wasiojulikana umri, wakatumia fimbo yenye alama iliyolinganisha unene wa mkono na urefu. Miaka michache baadaye huko Baghdad, daktari Shakir alikata vipande vya filamu za zamani za eksirei, akavipaka rangi, na hapo ikatoka kanda tunayoiona leo shingoni kwa reko, mhudumu wa afya wa kijiji. Kabla ya hao wote, Derrick Jelliffe, aliyefundisha Makerere kule Kampala, alikwisha kuuweka mkono katika kitabu chake cha mwaka 1966 kama kipimo cha kuaminika. Kanda hiyo si mgeni kwetu, imepita jirani.

Pima mkono wa kushoto. Kunja kiwiko, tafuta mfupa wa ncha ya bega na mfupa wa ncha ya kiwiko, tia alama katikati. Kisha mkono uning'inie umelegea, zungusha kanda kwenye alama, iguse ngozi bila kuibana. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni nyekundu, 115 hadi chini ya 125 ni manjano, 125 na kuendelea ni kijani.

Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika, na hata baadhi ya wanaozunguka na kanda. Rangi hizo ni za watoto wadogo. Mtoto wa miaka sita mwenye mkono wa milimita 130 atasoma kijani, na watu watampigia makofi, kumbe ni mwembamba kupita kiasi. Kwa watoto wa miaka mitano hadi tisa miongozo mingi hutumia milimita 145: chini ya hapo ni utapiamlo wa kadiri, chini ya 135 ni mkali. Kwa hiyo mtoto akifikisha miaka mitano, acha kusoma rangi, soma namba. Kama kanda yako haina namba, iwekee kwa rula.

Mwisho wa kipimo hiki, bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu taratibu hadi tatu, uachie. Kikibaki kishimo miguu yote miwili, hiyo ni bwaki, hata kama mtoto anaonekana mnene na mashavu yamejaa. Uvimbe huo ni maji. Usingoje asubuhi ya pili.

Macho, masikio, meno

Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019 madarasa yalijaa, na shule zilizowahi kulaza wakimbizi zilijaa zaidi. Mtoto aliye mstari wa nyuma asiyeona vizuri ataitwa mjinga miaka miwili kabla ya mtu kugundua.

Chukua karatasi nyeupe. Chora herufi E kwa kalamu nyeusi nene, urefu wake milimita 17 au 18, na mistari mitatu pamoja na nafasi mbili kati yake viwe na upana sawa, kama milimita tatu na nusu kila kimoja. Pima mita sita uani mchana, si ndani ya nyumba yenye giza. Kwanza cheza na mtoto karibu: hii ni meza, miguu yake imeelekea wapi? Aonyeshe kwa mkono: juu, chini, kulia, kushoto. Akielewa mchezo, mweke kwenye mita sita, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, ugeuze karatasi mara tano. Akipata nne au tano, jicho hilo linatosha kwa darasa la kwanza. Akipata chini ya hapo, jaribu siku nyingine, na akishindwa tena andika jicho lipi na umpeleke. Pima macho yote mawili kila moja peke yake. Mtoto mwenye jicho moja zima hajui kwamba jingine limelala.

Masikio: simama nyuma yake, umbali wa mkono wako ulionyoshwa, ili asisome midomo. Azibe sikio moja kwa kidole. Nong'ona maneno ya kila siku, "kuku", "saba", "mama", ayarudie. Usaha unaotoka sikioni na kunuka unahitaji muuguzi. Usimtie mafuta ya kupikia wala maziwa.

Meno yana mtego mmoja. Kufikia miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, huota gego jipya kila upande, juu na chini, bila jino lolote kung'oka. Wazazi hudhani nalo ni la utotoni na litabadilika. Halibadiliki. Hilo ndilo la kuanza nalo kupiga mswaki, usiku hasa.

Geuza kope la chini na ulinganishe kiganja chake na chako: vikiwa vyeupe, damu ni kidogo. Uliza kama alipewa dawa ya minyoo mwaka huu. Mebendazole ya miligramu 500 ni kidonge kimoja tu, na kampeni huipitisha pamoja na vitamini A kwa watoto chini ya miaka mitano. Baada ya hapo, ni wewe wa kuulizia.

Siku ya mtoto

Mwili ni nusu ya kayee. Nusu ya pili ni siku yenyewe, na hii watu huiandika kwa uongo wa adabu. Ukimuuliza mzazi mtoto analala saa ngapi, atakujibu saa anayotamani alale. Kwa hiyo usiulize, andika. Siku tatu zinatosha: mbili za shule na Jumapili moja. Wima wa ukurasa andika masaa kwa Kiswahili chetu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mbele ya kila saa neno moja: kalala, kala, kabeba maji, kacheza, darasani, simu.

Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua letu ni saa nzuri kuliko ya mkononi: linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka mitatu na minne alale masaa 10 hadi 13. Akifika sita, wataalamu wa usingizi wanaweka 9 hadi 12. Fanya hesabu. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja na nusu ili ateke maji kabla ya shule anapaswa kuwa amelala saa mbili usiku, na hiyo ni kwa masaa tisa na nusu. Nyumba nyingi saa mbili ndipo fufu inasongwa. Jibu si kumgombeza mtoto anayesinzia darasani. Jibu ni kumpakulia kwanza, au kupika mapema, au kumwondolea safari ya maji ya alfajiri.

Andika pia amelalaje. Wangapi kitanda kimoja? Chini ya chandarua? Kanyabayonga ni juu, kuna baridi na mbu si wengi kama bondeni, lakini waliopanda mteremko wa Kabasha kutoka Rwindi walikuja na malaria damuni. Je, anakoroma mdomo wazi kila usiku? Anakohoa kwa moshi wa jiko lililo chumba kimoja na kitanda? Na kama anakojoa kitandani, hesabu usiku mikavu kwa wiki, usihesabu iliyolowa. Watoto waliosikia risasi wanaweza kurudia kukojoa baada ya miaka ya ukavu. Fimbo huongeza. Ukiona usiku mikavu imetoka miwili ikawa minne, umempima maendeleo ambayo hakuna mizani itakayoyaonyesha.

Kucheza kunapimwa kama dawa. Kwa umri wa miaka mitatu na minne kiwango ni dakika 180 za kujongea kwa siku, angalau 60 ziwe za kukimbia hadi ahema; toka mitano, wastani wa dakika 60 za kukimbia hasa. Watoto wa huku zamani hatukuwa na wasiwasi nao: chukudu ndogo ya kujichongea, mpira wa mifuko, kamba, mteremko. Vita vimebadilisha hilo. Mama anamfungia mtoto ndani tangu saa tisa, anampa simu atulie, na sitamlaumu. Ila andika dakika za simu. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne isipite saa moja. Na mcheze ndani: asimame mguu mmoja, uhesabu, mtoto wa miaka mitano hurukaruka kwa mguu mmoja, hufunga baadhi ya vifungo vya shati lake mwenyewe na kuhesabu hadi kumi. Hivyo navyo ni vipimo vya kuanza shule, na vifungo vina faida ya ziada kwa mwalimu mwenye watoto wengi na choo kimoja.

Kubeba maji si kucheza. Bidoni ya lita tano ni kilo tano, robo ya mwili wa mtoto wa kilo 20. Andika ni safari ngapi. Kama huna namna ya kuacha kumtuma, mpe kidebe cha lita mbili.

Chakula, usiandike "amekula vizuri". Andika majina. Kwa kila siku kati ya zile tatu, piga alama nne: cha kushibisha (fufu, viazi, ndizi), cha kujenga cha shambani (maharage, soya, karanga), majani au tunda (sombe, lengalenga, parachichi), na cha mnyama (ndagala, yai, maziwa, samaki wa Vitshumbi njia ikiwa wazi). Nyumba nyingi zitakuwa na alama ya kwanza kila siku, ya pili na ya tatu mara nyingi, ya nne karibu hakuna. Hapo ndipo pesa ndogo iende. Kiganja cha ndagala zilizosagwa ndani ya sombe kinamfikia kila mtoto. Samaki mmoja mzima humfikia baba. Angalia hasa asubuhi: chai ya sukari peke yake si chakula, na mtoto aliyekunywa hiyo tu saa kumi na mbili, ifikapo saa nne yuko darasani kwa mwili tu. Uji wa mahindi, soya na sorgo uliopikwa jana jioni na kuchemshwa tena vizuri asubuhi unafaa, hata kikombe kimoja.

Namba ni za nani

Watu wa Beni na Butembo wana sababu ya kuogopa kupimwa. Miaka ya Ebola, mtoto hakuingia shuleni bila kunawa na kuelekezewa kipimo cha joto kwenye paji la uso, kilichofanana na bastola. Baadaye zikaja timu za kupima mikono, zikaandika, zikapanda gari, na hakuna aliyerudi kusema zimeona nini. Ukimpimia jirani mtoto wake, sema namba kwa sauti mbele ya mama kabla ya kuiandika, eleza maana yake, na kayee ibaki kwake. Usiseme namba ya mtoto mbele ya watoto wengine. Darasani jina "kilo kumi na nne" linakaa miaka.

Yapo mambo yasiyongoja: miguu iliyobaki na vishimo, mkono chini ya kipimo, mtoto mwembamba aliyekataa kula, homa. Nenda kituo siku hiyo hiyo na kayee mkononi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kituo chenye UNTA (matibabu ya utapiamlo bila kulazwa) kinaweza kumpa Plumpy'Nut, pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500; hiyo ni dawa yake, haigawanywi kwa ndugu. Aliye na zaidi ya miaka mitano atakuta mlango mwembamba zaidi, na hapo namba zilizoandikwa mara tatu katika miezi minane zitakusaidia kusikilizwa kuliko maneno.

Kayee itie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo, uitundike karibu na mlango, si juu ya kabati. Unajua sababu.

Siku ya kwanza ya shule, mwalimu hatakuwa na muda wa kusoma kurasa zako. Mwambie mambo matatu tu: mtoto ana miaka mingapi hasa, ni jicho au sikio gani lenye shida ili amkalishe mbele upande unaofaa, na anatoka nyumbani saa ngapi akiwa amekula nini. Akikuomba mtoto ashike sikio, mwache ashike. Kisha fungua ukurasa wa kwanza.